Re: Wanafunzi kunipima nikiwa nusu kaputi bila kuniuliza, inaruhusiwa?

Pole dada kwa hofu. Unauliza kama hospitali ya kufundishia huko Marekani inaweza kuacha wanafunzi wa udaktari wakupime ukeni ukiwa umelala nusu kaputi bila kukuuliza. Hapana, lazima uridhie kwanza. Aprili 2024 serikali kuu iliziandikia hospitali zinazopokea hela za Medicare na Medicaid (bima za afya za serikali, hasa za wazee na za wenye kipato kidogo) kwamba vipimo vya matiti, uke, tezi dume na njia ya haja kubwa vya kufundishia vinahitaji ridhaa ya maandishi, na majimbo mengi yana sheria zao pia, California wana yao tangu 2003.

Cha kwanza omba fomu ya ridhaa siku kadhaa kabla, sio asubuhi ya upasuaji ukiwa umeshavalishwa gauni maana hapo mtu unasaini tu. Tafuta mstari unaotaja wanafunzi. Mi nilipomsindikiza mke wangu ulikuwa katikati ya aya ndefu, tukaukata kwa kalamu, daktari akasaini pembeni na operesheni ikaendelea kama kawaida. Kukataa ni haki yako na bado utatibiwa.

Ila dharura ni kitu kingine, mtu kazimia na maisha yapo hatarini daktari anapima kinachohitajika kumwokoa. Hujataja jimbo, litaje hapa maana sheria zinatofautiana.