Ganda linapogeuka kubangua: maswali ya Kiingereza kutoka Kusini

Kwenye mtihani tunapewa neno tulibadilishe lijaze pengo. Nitajuaje kama wanataka nomino, kitenzi au kivumishi? (Kidato cha tatu, Masasi)

Liache kwanza neno ulilopewa, tazama majirani wa pengo. Likitanguliwa na "the", "my" au "her" na mbele yake hakuna nomino nyingine, weka nomino. Baada ya "can", "will" au "must" weka kitenzi kitupu. Kabla ya nomino, au baada ya "very", mara nyingi ni kivumishi. Chukua "succeed": "Her ___ surprised us" inadai "success", "She will ___" inabaki na "succeed", na "a ___ farmer" inataka "successful".

Mtego ni "to". Wengi wakiiona tu wanatia kitenzi. Katika "due to" na "look forward to" ni kihusishi, kwa hiyo ni "due to failure", si "due to fail". Halafu kuna tahajia, ambako maksi hupotea kizembe: "pronounce" ikiwa nomino inadondosha "o", yaani "pronunciation", "explain" inadondosha "i", yaani "explanation".

Mbona "arrive" inazaa "arrival", "move" inazaa "movement" na "decide" inazaa "decision"? Kanuni iko wapi? (Mwalimu, Nachingwea)

Ipo nusu tu. "-ness" ni kiambishi cha Kiingereza cha asili na hukubaliana na vivumishi vingi: "kindness", "darkness". "-ment", "-tion" na "-al" zina asili ya Kilatini na nyingi zilipitia Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, kila neno na mkia wake. Hata kwetu "iba" hutoa mwizi, na hakuna mtoto aliyefundishwa kanuni yake, amelisikia. Waandikishe wanafunzi ukoo mzima wa neno kwenye mstari mmoja wa daftari.

Tunabangua korosho. Mgeni alituambia "shell the nuts". "Shell" si ganda? (Mtwara Mjini)

Ni ganda, na likiwa kitenzi ni kutoa ganda. Kiingereza huchukua nomino na kuifanya kitenzi bila kuongeza hata herufi, na maana huenda njia mbili: kuondoa au kutia. "Skin a goat" ni kuchuna ngozi, "bone a fish" ni kutoa miiba. Lakini "salt the fish" ni kuitia chumvi. Jiulize: kitu hicho kimezaliwa nacho? Ganda limeota na korosho, basi linaondolewa. Chumvi haikuota na samaki.

"Dust" ndiyo kigeugeu. "Dust the table" ni kufuta vumbi mezani. "Dust the trees with sulphur" ni ile kazi mnayoijua ya kupuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Hapo "with" inakusaidia: kinachoifuata ndicho kinachotiwa. (Jeshi nalo likisema "shell the town", hakuna anayebangua, ni mizinga.)

Bandarini nasikia "export" ikitamkwa namna mbili. Ipi sahihi? (Karani, Mtwara)

Zote. Nomino hukazwa mwanzoni, EX-port. Kitenzi mwishoni, ex-PORT. Ndivyo zilivyo "import", "increase" na "record". "Report" haimo kwenye kundi hili, mkazo wake hukaa mwishoni daima. Sikio letu hulikosa hili kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, neno liwe nomino au kitenzi.

Nilimwambia mtalii "I am boring", akacheka. Kwa nini? (Kilwa Masoko)

Ulijiita mtu wa kuchosha. "-ing" ni chanzo cha hisia, "-ed" ni anayehisi. Ungesema "I am bored". Magofu ya Kilwa Kisiwani ni "interesting". Mtalii ndiye "interested".