Mjusi chui nyumbani: mnauliza, najibu

Leo zamu ni ya wanaofuga mjusi chui, yule wa manjano mwenye madoa, ambaye asili yake ni Pakistani, Afganistani na kaskazini-magharibi mwa India. Si binamu wa karibu wa mjusi kafiri wa ukutani: huyu anafumba macho, na hawezi kupanda kioo.

Uganda ni nchi ya joto. Mkeka wa umeme wa nini? (Kabale)

Ndugu yangu, unaniuliza hivyo ukiwa Kabale, ambako mtu halali bila blanketi zito! Hata Kampala usiku hushuka hadi nyuzi 17 au 18. Mjusi hajitengenezei joto. Tumbo lake likipoa chakula hakisagiki, kinamwozea humo humo. Wengi hudhani amekufa njaa, kumbe ni baridi.

Upande mmoja wa tangi sakafu iwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 24 hadi 26, na kila upande uwe na pango la kujificha. Achague mwenyewe. Mkeka ukae nje, chini ya tangi, ushike theluthi moja tu ya sakafu, na upitie kwenye thamostati, kile kifaa kinachokata umeme joto likizidi, la sivyo utamchoma tumbo. Ncha ya kipimajoto iguse sakafu. Kile kinachobandikwa kwenye kioo hupima hewa tu.

Umeme ukikatika, mimi hujaza chupa maji ya moto, naiviringisha taulo na kuiegemeza kwenye tangi. Siku hiyo simlishi.

Nimemtandikia mchanga, apendeze. Sawa? (Ntinda)

Uzoe, dada. Akimeza mchanga pamoja na chakula unaweza kumziba utumbo, hasa akiwa mdogo. Muombe fundi vigae vilivyobaki: vinapitisha joto vizuri na kufuta ni dakika moja.

Msimu wa senene umefika. Nimpe? (Masaka)

Wale waliokaangwa na kitunguu kula wewe. Hata wabichi naogopa, maana huwezi kujua wametoka shamba gani na lilipuliziwa dawa gani. Nyenje au mende wa kufugwa ni salama zaidi, wasizidi upana wa kichwa chake. Mboga hali kabisa.

Ila mdudu mtupu hatoshi. Walishe nyenje karoti siku moja kabla, kisha watie kwenye mfuko wenye unga kidogo wa kalsiamu na vitamini D3, utikise kama muuza mhogo anavyochanganya chumvi na pilipili. Watoke weupe. Kalsiamu ikikosekana mifupa hulainika, taya linalegea na miguu inapinda. Ikishapinda hainyooki tena.

Wanangu humshika mkia. Ana sumu? (Bombo)

Sumu hana, mama. Ila anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, basi mikono ioshwe kwa sabuni na bakuli lake lisioshwe jikoni. Mkia waachwe: ndiyo ghala lake la mafuta, na akitishika anaukata. Utaota mwingine, mfupi na mnene kama kiazi.

Madume wawili tangi moja? (Jinja)

Hapana. Watatoana damu.

Amejivua ngozi, lakini vidole viwili vimekuwa vyeusi. (Mbarara)

Hili nalijua kwa majuto. Kwa kawaida ngozi hupauka kwanza, akawa kama aliyepakwa majivu, kisha huivua kwa mdomo kama mtu anayevua soksi na kuila yote. Mabaki yakishika kidoleni hukauka yakawa uzi, yakabana damu. Mweke kwenye maji ya vuguvugu yanayofika tumboni tu, dakika 15, halafu sugua taratibu kwa pamba. Usivute. Kidole kilichokwisha kuwa cheusi mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kinga yake ni kopo la siagi lenye tundu ubavuni, ndani karatasi za jikoni zilizoloweshwa, likae upande wa joto. Wa kwangu nilimwekea kopo hilo nikiwa nimechelewa. Ana vidole 19.