Kumpeleka mtoto aliyefiwa kwenye Siku ya Wafu

Dada, nimekuelewa: jirani zako Wameksiko hapo Chicago wamewaalika kwenye Siku ya Wafu, sikukuu yao ya kuwakumbuka marehemu yenye mapambo ya mafuvu, nawe unahofia kwamba mafuvu yatamtisha mwanao wa miaka sita, ambaye bado anamlilia bibi yake. Kwa maoni yangu nendeni, ila kwanza mpeleke mchana katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kimeksiko, mtaani Pilsen, ambayo huandaa maonyesho ya siku hiyo kila mwaka bila kiingilio, ili ayazoee mafuvu ya sukari yenye majina kwenye paji la uso kabla ya kukutana na watu waliojichora nyuso kama mafuvu.

Mweleze kwamba tarehe 1 Novemba hukumbukwa hasa watoto waliofariki na tarehe 2 watu wazima, na kwamba mikate na matunda yaliyopangwa mezani kando ya picha za marehemu ni kwa ajili yao, hivyo asidokoe. Waulize wenyeji kama mnaweza kuweka picha ya bibi. Dini yenu ikiwakataza, kutazama tu kunatosha, wala hawatachukia.

Akiendelea kukosa usingizi au kugoma shule kwa majuma kadhaa, mwoneni mshauri nasaha wa watoto.