Tableti ya nini na karafuu zipo uani?

Juzi kaniandikia dada mmoja wa Unguja, ana mtoto wa miaka minne, ati shoga ninunue tableti gani, mwanangu maswali yamemzidi na mie kazi hazinipi nafasi. Nimemjibu kirefu lakini nikaona bora niwaandikie nyote, maana najua wengi mnataka mtoto aingie maandalizi akiwa mwepesi kama huyu wangu.

Mie niko Wete, Pemba, na sikununua kitu. Msimu wa karafuu namkalisha jamvini tunachambua, huku karafuu, huku makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, na hapo hapo kashajua kutenga vitu. Akauliza makonyo tunayatupa? Nikamwambia hayatupwi, yanakwenda kiwandani Wawi yanatolewa mafuta, basi wiki nzima kila anayepita anaambiwa habari ya Wawi. Kuhesabu kajifunza kwenye kupima. Si mnajua mchumaji analipwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne, sasa nampa kopo la kibaba ajaze mwenyewe, amwage, ahesabu mpaka pishi lijae, halafu namuuliza kisaga kinaingia vibaba vingapi, anamwaga tena upya, viwili! Sikumwambia mie, kaviona. Na kila asubuhi anakwenda kutazama zilizoanikwa, jana zilikuwa na wekundu leo zimepiga kahawia, kwa nini mama? Namrudishia, wewe waonaje? Kasema jua limezipika. Sawa kabisa.

Wifi yangu alikuwa hapo. Akasema mbele ya watu mtoto wa kike namfundisha mdomo, atakuja kunipanda kichwani. Lile neno mpaka leo ninalo, sikulijibu kwa kumheshimu kaka yake. Basi wiki iliopita mwalimu wa maandalizi kanisimamisha njiani anauliza huyu mtoto nani kamfundisha kupima, na wifi alikuwepo pia, alhamdulillah.

Pwani vilevile. Tunachomeka kijiti maji yanapofika mwisho wa kupwa, kesho saa ile ile tunarudi maji bado hayajafika, eti yamechelewa wapi? Mwezi ndio unayachelewesha, kila siku kiasi cha dakika 50 hivi, nikamwambia tuutazame usiku. Umeme ukikatika ni vitendawili, kitendawili! tega! nyumba yangu haina mlango, yai.

Kwa hiyo jamani wazazi, akiuliza msimwambie nyamaza. Muulizeni na nyie. Mpeni kazi ya kweli ya mikono, apime, achambue, amwage, akimwaga chini aokote, ndio kusoma kwenyewe huko. Mtoto ni amana, tutaulizwa, halafu unamtupia simu ukaendelea na gumzo? Kisu na mbuzi ya nazi tu mkae navyo mbali. Na akija wa kusema mtoto ana mdomo, mwelekezeni kwangu Wete.