Mwanangu, kuhusu hilo swali lako la rada

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unauliza ukimaliza digrii ya fizikia ukasomee rada za hali ya hewa kama mimi baba yako, au ndiyo kazi ambayo akili bandia itaimaliza kabla hata hujaajiriwa. Mimi nasema kasome, ila usiende kwa sababu ya zile picha za rangi.

Maana nakujua, kilichokuvuta ni ile ramani ya kijani, njano na nyekundu. Sasa rada haioni mvua, inatuma mapigo ya mawimbi halafu inasikiliza kilichorudi, na kinachorudi ni kidogo mno, na kwenye hicho kidogo ndipo sisi tunakadiria imenyesha kiasi gani. Na hapo kuna mtego. Mwangwi unafuata kipenyo cha tone kwa kipeo cha sita, yaani tone moja la milimita 4 linarudisha mwangwi sawa na matone 64 ya milimita 2, wakati maji yake ukiyamimina yanajaza matone 8 tu basi. Kwa hiyo mvua mbili zenye maji yaleyale zinaweza kutokea moja nyekundu nyingine njano, na ofisini mtu ameshaanza kuwapigia watu simu za mafuriko. Wanasayansi Marshall na Palmer walichapisha vipimo vyao vya ukubwa wa matone mwaka 1948, na ile fomula unayoikuta kila kitabu, Z = 200 mara R kwa kipeo cha 1.6 (Z ni ukali wa mwangwi, R ni milimita za mvua kwa saa), inatokana na kazi hiyo, bado inatumika na bado watu wanairekebisha kulingana na aina ya mvua. Ajira iko hapo kwenye kurekebisha.

Halafu dunia ni duara bwana, mwale wa rada unazidi kupanda. Uinue antena nusu digrii tu, ukifika kilomita 100 mwale uko kama kilomita moja na nusu juu ya ardhi, kwenye 200 uko kilomita 4 hivi, na huko juu mara nyingi ndipo theluji ya mawinguni inapoyeyuka. Chembe ya theluji ikianza kuyeyuka inalowa maji kwa nje, rada inaidhania tone kubwa kupindukia, basi skrini inachora pete safi kabisa ya mvua kali wakati aliye chini anapata manyunyu. Alfajiri nyingine unaona mduara unatanuka taratibu na hakuna wingu hata moja, ni ndege wanaondoka walikolala. Hao nawapenda, ila ukiwasahau kwenye hesabu wanakuletea mvua ambayo haikunyesha. Si ajabu, hata vita ya pili ya dunia wanajeshi walikuwa wanatafuta ndege za adui na mvua ikawa inawachafulia skrini, hiyo takataka yao ndiyo ikaja kuwa fani yetu.

Sasa hiyo akili bandia. Sitakudanganya, kubashiri mvua ya saa moja au mbili mbele inafanya vizuri, na kama ulitaka kukaa unatazama wingu linasogea useme litafika saa ngapi, hiyo sehemu ihesabu imekwenda. Lakini inajifunza kutoka kwenye data yetu, na ile pete ya theluji ikibaki ndani bila mtu kuitoa itajifunza kwamba pete ni mvua na itakubashiria pete kwa kujiamini kabisa. Mtu wa kusema hapa rada inadanganya, tena inadanganya kwa sababu hii na hii, bado anatafutwa na naona ataendelea kutafutwa.

Kazi yenyewe kwa siku ni kuandika kodi za kompyuta, kodi, na kodi tena, kupima kama rada imeanza kusoma juu au chini kuliko inavyotakiwa, kubishana na wahandisi, na kuamshwa usiku wa manane rada imezimika, maana ina tabia ya kuzimika dhoruba ikishakolea. Muulize mama yako.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu za masta fanya hivi. Data za NEXRAD, mtandao wa rada za hali ya hewa wa Marekani, ni bure, pakua za kituo cha KTLX, alasiri ya tarehe 20 Mei 2013 kwa saa za kule, siku tonado ilipopita Moore, Oklahoma. Usianze na picha iliyopakwa rangi, fungua namba kwa Python, ile lugha ya kuandikia programu. Rada ile inatuma mawimbi ya wima na ya mlalo, kwa hiyo unaweza kupima yanayorudi yanalingana kiasi gani, na kwenye mvua ya kawaida, kwa kipimo cha 0 hadi 1, yanalingana karibu na 1. Tafuta sehemu ambapo mwangwi ni mkali, upepo unazunguka, na huo ulinganifu umeporomoka, vyote mahali pamoja. Hayo si matone mwanangu, ni vipande vya nyumba za watu viko hewani.

Ukikaa na hizo namba usiku kucha bila kuangalia saa, omba nafasi. Ukichoka baada ya nusu saa pia niambie, kuna fizikia nyingine nyingi na sitanuna. Na ukikwama niandikie, ila usinitumie skrinishoti, nitumie kodi.

Baba