Nimegeuzwa eapoti na viza ninayo, rufaa nakata wapi?

SWALI: Dada shikamoo, pole na kazi. Wiki iliyopita nilisafiri kwenda Ulaya kumtembelea binamu yangu, viza ya Schengen (ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya) ninayo halali kabisa, nafika eapoti wakaniweka pembeni masaa sita wakiniuliza nalala wapi, nina hela kiasi gani, binamu akipigiwa hapatikani, mwisho nikapewa fomu nikasaini kwa woga na kupandishwa ndege ya kurudi. Kusaini ndo nimekubali kosa? Na rufaa naikataje wakati nishafika Mwanza?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Ile saini ni ya kupokea karatasi tu, hujakiri chochote. Ila viza haikupi uhakika wa kuingia, afisa wa mpakani anaruhusiwa kukuuliza yote upya.

Sasa itafute hiyo fomu (usiniambie umeitupa). Ina vijiboksi vya herufi kuanzia A, kuna kimetiwa alama. Kwa unavyosimulia nahisi ni E, vielelezo vya safari havikutosha, au G, hela ndogo. Ingekuwa H ndo balaa, maana yake jina lako limeshawekwa kwenye mfumo wa watu wa kuzuiwa na itabidi uulize nani kakuweka na kwa sababu gani. Rufaa yako ijibu herufi hiyohiyo, habari za kuwekwa pembeni masaa sita zinauma najua lakini hazikusaidii.

Rufaa inapelekwa nchi iliyokukataa, kwa sheria zake, na siku zinahesabika, kwingine ni wiki chache tu, kwa hiyo soma maelezo ya rufaa kwenye fomu leo leo, pia wanatakiwa wawe wamekupa maelekezo ya pa kuulizia wakili. Usijilaumu kwamba hukukata palepale, ndege ungepanda tu, rufaa haizuii kurudishwa.

Halafu fungua paspoti uitazame viza, ikiwa imegongwa ANNULLED (imebatilishwa) au REVOKED (imefutwa) huo ni uamuzi mwingine kabisa na una rufaa yake, ukikata moja ukaiacha nyingine viza yako inabaki imekufa.

Mimi nakwambia ukweli, kama barua ya mwaliko hukuwa nayo usimlishe wakili hela, omba viza upya na useme kwamba ulirudishwa, wanaona kwenye kompyuta. Kama karatasi zote ulikuwa nazo wakagoma kuzitazama, kata, na huyo binamu asiyepokea simu ndo akutafutie wakili hukohuko.