Kabla ya Kuirudia Funksheni, Kagua Kipande Chake

Wanafunzi ninaowasaidia somo la kurudia funksheni, yaani kanuni inayoigeuza namba moja kuwa nyingine, hukimbilia fomula. Ukiwaandikia f(x) = rx(1 − x), r ikiwa namba uliyoichagua, papo hapo wanaingiza namba, jibu wanalirudisha ndani, na jibu la jibu vivyo hivyo. Mimi huwaambia waiache fomula kidogo. Tazama kwanza kipande cha mstari wa namba unachofanyia kazi, kisha ujiulize: je, funksheni hii inakirudisha kipande ndani yake chenyewe?

Chukua kipande cha 0 hadi 1. Fomula hiyo ina kilele x ikiwa 0.5, na urefu wa kilele ni r/4. Basi r isipozidi 4 wala kushuka chini ya 0, kila namba ya kipande inaangukia humo humo, nawe unaweza kurudia milele. Weka r = 5 uone: 0.5 inakuwa 1.25, kisha −1.5625, kisha karibu −20, na kuanzia hapo ni kuporomoka tu. Kutafuta mzunguko, yaani namba zinazojirudia kwa zamu baada ya hatua kadhaa, kwa kuanzia 0.5 hapo ni kupoteza wino.

Ncha za kipande nazo si za kupuuzwa. Kipande kikiwa na ncha zake zote mbili, funksheni ikikirudisha ndani yake, na grafu ikiwa haikatiki popote, lazima kuwe na nukta isiyohama: x ambayo f(x) ni x yenyewe. Uthibitisho wake naupenda mno, kwa kuwa mchoro mmoja unautosha. Chora mraba, pitisha ulalo y = x. Upande wa kushoto grafu inaanza ikiugusa ulalo au ikiwa juu yake; upande wa kulia inaishia ikiugusa au ikiwa chini yake. Itapita wapi isikutane nao? Sasa ziondoe ncha. Chukua x² kwa namba zilizo kati ya 0 na 1, bila 0 wala 1 zenyewe. Nukta isiyohama hakuna hata moja, 0.9 inakuwa 0.81, kisha 0.6561, ikizidi kuifuata 0 ambayo haimo.

Ulalo ule usiufute. Kutoka namba unayoanzia panda wima hadi kwenye grafu, nenda mlalo hadi kwenye ulalo, kisha wima tena hadi kwenye grafu, na uendelee hivyo. Fanya kwa penseli, hata kama una kompyuta mbele yako, mkono unafundisha. Kwenye rx(1 − x), kwa r = 2.8 mistari inajizungusha ikiingia kwenye 0.643 hivi. Kwa r = 3.2 inakataa kutulia, na mwishowe inaruka kati ya 0.513 na 0.799. Kinachoamua ni mteremko wa grafu kwenye nukta isiyohama, ambao hapa ni 2 − r: −0.8 mara ya kwanza, −1.2 mara ya pili. Ukiacha alama ya kutoa, mteremko ulio chini ya 1 unavuta namba za jirani, na unaozidi 1 unazisukuma. Kabla sijarudia funksheni yoyote, hupima hapo kwanza.

Kikokotoo kitumie kwa tahadhari. Ukibonyeza kosini mfululizo katika radiani utafika 0.739085; katika digrii utafika karibu 0.99985, maana hizo ni funksheni mbili tofauti. Kuna hatari kubwa zaidi. Zidisha namba kwa 2 na uitupe namba kamili iliyo kabla ya nukta ya desimali: 1/3 inakuwa 2/3, halafu 1/3 tena, bila mwisho. Kompyuta ya kawaida itakupa 0 kabla ya hatua ya 60, kwa sababu inahifadhi tarakimu chache za msingi wa 2, na kila hatua inatupa moja. Mizunguko itafute kwa sehemu kama 1/3, si kwa desimali.

Mwaka 1964 mwanahisabati Oleksandr Sharkovsky alichapisha uthibitisho ambao ndani yake mna jambo hili la ajabu: funksheni isiyokatika kwenye kipande, ikiwa na mzunguko wa hatua 3, ina mizunguko ya kila urefu. Wengi hulisema wakiacha maneno “kwenye kipande”. Chukua duara, ulizungushe theluthi moja. Kila nukta inarudi mahali pake baada ya hatua 3, na hakuna hata moja yenye mzunguko wa hatua 2 wala isiyohama. Kwenye duara hakuna kushoto wala kulia kwa kudumu, ilhali uthibitisho unategemea kuwapo kwake.

Uthibitisho huo ujaribu mwenyewe. Weka namba a, b, c kutoka kushoto kwenda kulia, a ikienda b, b ikienda c, c ikirudi a. Kikipitishwa kwenye funksheni, kipande cha b hadi c kitafunika kila kitu kuanzia a hadi c, chenyewe kikiwamo, kwa hiyo kina nukta isiyohama. Kile cha a hadi b kinafunika b hadi c. Anzia hapo kuutafuta mzunguko wa hatua 2.